Nina pointi 4,200 na deni la Sh86,000: nizitumie vipi kabla hazijaisha?

Mshauri, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Donholm, Nairobi, na ni karani katika kampuni ya usafirishaji kule Industrial Area. Baada ya makato napokea Sh62,000 kwa mwezi.

Septemba mwaka jana maajenti wa benki walikuja ofisini saa ya chai. Walinijazia fomu ya kadi ya mkopo na kuniachia kijitabu chenye picha za zawadi. Kila ninaponunua kitu cha Sh100 napata pointi moja. Nilipofungua ule ukurasa wa vyombo vya jikoni niliona blenda, pointi 4,500, na papo hapo nikamfikiria mama yangu. Yuko Makueni. Msimu wa maembe ukifika huyakamua kwa mikono, anachuja kwa kitambaa, na siku hizi vidole vinamuuma. Nikajiambia mama atapata blenda bila mimi kutoa senti.

Tangu hapo nimelipa kila kitu kwa kadi. Unga, sabuni, viatu vya shule, dawa. Hata manunuzi ya chama. Tuko wanawake 12, na kila baada ya miezi mitatu tunanunua mchele, mafuta na sukari kwa jumla kisha tunagawana. Wenzangu hunitumia pesa kwa M-Pesa, mimi nalipa kwa kadi, pointi zinaingia kwangu. Mpango ulikuwa nikishalipa niipeleke ile pesa ya M-Pesa benki. Machi niliipeleka. Juni ilinikuta mwenye nyumba amenipigia simu mara tatu, ikaenda kwa kodi. Septemba sikumbuki vizuri ilivyoyeyuka. Na Januari nilikuwa nimeshatoa Sh40,000 taslimu kwa ATM kwa kadi hiyo hiyo ili kulipa karo.

Stetimenti, ile taarifa ya deni la kadi, ya mwezi uliopita inasema nadaiwa Sh86,000. Riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Nimekuwa nikilipa kile kima cha chini, asilimia 5 ya deni, lakini deni halishuki. Stetimenti hufungwa tarehe 20 na mwisho wa kulipa ni tarehe 10. Septemba hii pia wamenikata Sh3,500 za ada ya mwaka, kwa sababu mwaka wa kwanza ulikuwa wa bure. Mume wangu anajua nina kadi, salio halijui.

Sasa nina pointi 4,200. Zinakwisha muda tarehe 31 Desemba. Zimebaki 300 tu nifikie blenda. Chama kinataka kununua vitu vya Krismasi vya Sh38,000, nami nafikiria nilipe kwa kadi ili nivuke. Blenda ya aina ile ile nimeiona kwenye supamaketi ya karibu na nyumbani, Sh3,600. Kijitabu kina vocha za supamaketi hiyo pia, Sh1,000 kwa pointi 1,000, lakini vocha huishia kwa unga na sukari, haikai kama zawadi.

Dada yangu ananiambia niikate kadi kwa makasi leo. Mwenzangu wa ofisini ananiambia nikiacha pointi zipotee nitakuwa nimewafanyia benki kazi ya bure miezi 14. Nina akiba ya Sh110,000 kwenye sacco ya kazini, na inakopesha kwa asilimia 1 kwa mwezi, ila naogopa kuweka deni juu ya deni. Nifanyeje nipate faida ya hizi pointi?

Mama wa Donholm


Dada yangu wa Donholm,

Usinunue hata kibiriti kwa ajili ya hizo pointi 300. Blenda ya mama tayari unayo.

Rudi kwenye barua yako. Pointi 4,000 zinakupa vocha nne, yaani Sh4,000 za kutumia kwenye supamaketi ile ile uliyoiona blenda kwa Sh3,600. Chukua vocha, nenda kwenye rafu, ibebe. Zitabaki Sh400 za kununua pakiti mbili tatu za unga. Kwenye kijitabu, blenda hiyo ingekula pointi 4,500, na ungekuwa umesubiri na kununua zaidi ili ulipe bei ya juu kwa kitu kilekile. Pointi 200 zitakazobaki ziache. Zina thamani ya Sh200 na hazistahili kukutoa nyumbani.

Hivi ndivyo pointi zote hupimwa, na ningependa kila msomaji mwenye kadi yoyote ajue kuipiga hesabu hii. Chukua bei ya kitu dukani, igawanye kwa pointi wanazodai. Blenda ya kijitabu: Sh3,600 kwa pointi 4,500, kila pointi inakuletea senti 80. Vocha: kila pointi inakuletea shilingi nzima. Picha za sufuria na masanduku ya safari mara nyingi ndipo pointi hupungua nguvu, kwa sababu hakuna bei ya shilingi iliyoandikwa pembeni ya kulinganisha. Ulisema vocha haikai kama zawadi kwa kuwa huishia kwa unga. Unga ungeununua kwa mshahara wako. Vocha ikilipa unga, pesa ya unga inabaki mfukoni, na pesa hiyo inaweza kuwa kitu chochote, hata blenda.

Wanaobadilisha pointi kuwa maili za ndege wafanye vivyo hivyo. Tafuta bei ya tiketi ya siku unayotaka kusafiri, toa kodi na ada za uwanja ambazo kwa kawaida utalipa taslimu hata ukiwa na maili, kisha gawanya kwa pointi wanazodai. Maili huwa na nguvu pale tiketi imepanda bei, kama Mombasa au Kisumu wiki ya Krismasi, ikiwa nafasi ya maili bado ipo. Tiketi ikiwa ya bei ya kawaida, vocha inaweza kuishinda.

Na ukishazipata, usizilimbikize. Pointi haziongezeki zikikaa, na masharti yake hubadilishwa na mwenye kuzitoa. Wakazi wa Nairobi waliokuwa na kadi za pointi za supamaketi za Nakumatt wanakumbuka matawi yalivyofungwa moja baada ya jingine mwaka 2017 na 2018. Duka likishafunga milango, hakuna kaunta ya kwenda kukomboa chochote.

Sasa kwenye jambo lenyewe, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu uliposhtuka niliposoma barua yako.

Umefanya manunuzi ya Sh420,000 kwa miezi 14 ukapata pointi 4,200. Maana yake kadi inakurudishia asilimia 1. Inakutoza asilimia 3.5 kila mwezi kwa unachodaiwa. Riba ya Sh86,000 kwa mwezi mmoja ni Sh3,010. Ili upate pointi za kufidia riba hiyo ya mwezi mmoja tu, ingebidi ununue vitu vya Sh301,000 ndani ya mwezi huo, karibu mishahara yako mitano. Na uliposema unalipa kima cha chini na deni halishuki, ni kweli: kima hicho ni Sh4,300, riba inachukua Sh3,010, zinazopunguza deni ni Sh1,290. Ukienda supamaketi mara moja na kadi umeshazirudisha.

Kuna mawili ambayo ajenti wa saa ya chai huwa hayafafanui. La kwanza ni zile siku zisizo na riba. Kwako zinafika 50: ukinunua tarehe 21 Mei, stetimenti inafungwa tarehe 20 Juni, unalipa tarehe 10 Julai. Ukinunua tarehe 19 Juni, una siku 21 tu. Lakini siku hizo ni za anayelipa deni lote. Ukiacha salio, kwa kawaida kila ununuzi mpya huanza kutozwa riba tangu siku uliyoweka kadi kwenye mashine, hata kama ni mkate. Wewe umekuwa bila siku hizo tangu Januari.

La pili ni pesa taslimu. Kutoa pesa kwa ATM kwa kadi ya mkopo hakuna siku za bure, riba huanza siku hiyo, kuna ada ya kutoa juu yake, na kwa kadi nyingi huambulii hata pointi moja. Zile Sh40,000 za karo ndizo zilizofungua mlango. Januari inakuja tena. Kabla shule hazijafunguliwa, nenda kwa bursar, mhasibu wa shule, ukaombe kulipa kwa awamu. Walimu wamezoea ombi hilo, na hata wakikuambia nusu siku ya kufungua na nusu katikati ya muhula, umeepuka ATM.

Kuhusu chama, nitasema waziwazi. Huna deni la wenzako, kwa sababu mchele ulifika na wakagawana. Aliyekopeshwa ni wewe, na aliyekukopesha ni benki. Lakini umekuwa ukipokea pesa za wanawake 11 kwenye simu ileile unayolipia kodi, na pesa zikichanganyika hivyo haziwezi kubaki salama, hata mkono uwe mwaminifu vipi. Juni ulijua zilikoenda. Septemba hukumbuki. Hilo la Septemba ndilo linalonitia hofu.

Kwa hiyo manunuzi ya Krismasi usiyapitishe kwenye kadi. Hesabu yake ni hii: Sh38,000 zingekupa pointi 380, yaani Sh380. Pesa hizo zikikawia mwezi mmoja kabla ya kufika benki, riba yake ni Sh1,330. Mweka hazina apokee michango, alipe moja kwa moja kwenye till ya duka la jumla, risiti iwekwe kwenye grupu la chama. Siku utakapokuwa huna deni na ukitaka tena kulipa kwa kadi yako, waambie wenzako kwamba pointi zinaingia kwako, na upeleke pesa zao kwenye paybill ya benki ukiwa bado umesimama kwenye kaunta, kabla hata hujabeba gunia. Wakisema pointi hizo ni za chama, wana haki ya kusema hivyo. Ni pesa zao.

Unaogopa deni juu ya deni. Ninakuelewa, na kwa mtu anayeendelea kuchanja kadi ningekukataza. Lakini hapa unabadilisha deni ghali kwa deni nafuu. Ukikopa Sh86,000 kwenye sacco kwa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani riba ihesabiwe kwa deni lililobaki tu, ulipe kwa miezi 12, utakuwa unakatwa takriban Sh7,640 kila mwezi, na riba yote ya mwaka mzima itakuwa karibu Sh5,700. Ukilipa hizo hizo Sh7,640 kila mwezi kwenye kadi bila kununua kitu kingine, utachukua karibu miezi 15 na riba itapita Sh25,000. Tofauti hiyo ni karo. Akiba yako ya Sh110,000 inazidi mkopo, na sacco nyingi hazikuombi wadhamini ukikopa ndani ya akiba yako mwenyewe. Uliza kesho. Uliza pia kama wana ada ya kushughulikia mkopo, uijumlishe kabla ya kutia sahihi.

Leo unalipa Sh4,300, kwa hiyo utahitaji kama Sh3,340 zaidi kila mwezi. Kwa mshahara wako na nyumba yenye watoto, si kidogo. Ndiyo maana mume wako anapaswa kuliona salio, tena kabla ya Krismasi, wakati bado mnaweza kuamua pamoja mtasafiri au mtabaki mjini. Mketishe siku ambayo hakuna mgeni, mwekee stetimenti mezani pamoja na hesabu ya sacco. Habari mbaya iliyokuja na njia ya kutokea husikika tofauti na ile anayoigundua mwenyewe kwenye simu yako.

Wakati unasubiri mkopo, usikose kima cha chini hata siku moja. Kuchelewa kuna faini, na jina likifika kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo, CRB, hata sacco itakuuliza maswali. Kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake ya CRB mara moja kwa mwaka bila malipo. Omba yako, ujue umesimama wapi.

Mkopo wa sacco ukiingia, lipa kadi yote siku hiyo. Stetimenti inayofuata inaweza kuja na riba kidogo iliyokuwa imejijenga kati ya tarehe ya kufungwa na siku uliyolipa. Usiipuuze ukidhani ni makosa. Ilipe, ndipo salio litasoma sufuri.

Na kadi yenyewe? Dada yako anasema makasi. Mimi nasema iweke kwenye bahasha, mpe mume wako aihifadhi, ufute nambari zake kwenye simu na kwenye kila programu ya kuagiza vitu uliyoiwekea, hadi mkopo wa sacco uishe. Baada ya hapo tazama hesabu hii kwa utulivu: ukinunua vitu vya Sh30,000 kwa mwezi, kama ulivyokuwa ukifanya, unapata pointi 3,600 kwa mwaka. Ada ya mwaka ni Sh3,500. Faida yako ya mwaka mzima ni Sh100, na hiyo ni kama hujawahi kuchelewa hata mara moja. Kwa hiyo kabla ya Septemba ijayo piga simu benki uombe wakuondolee ada. Benki huwa na nafasi ya kukubali kwa mteja anayelipa vizuri na aliye tayari kuondoka. Wakikataa, ifunge, na uombe barua ya kuthibitisha kwamba imefungwa bila deni.

Wakikubali, itumie kwa vitu vichache ambavyo ungevinunua hata kama pointi zisingekuwepo: supamaketi, dawa, mafuta ya gari kama mnalo. Nunua vile vikubwa baada ya tarehe 20, agiza benki ikate deni lote moja kwa moja mshahara ukiingia, na kwenye kaunta toa kadi ya pointi ya supamaketi pamoja na ya benki, kwa sababu zote mbili huhesabu kwenye risiti moja. Mkiwa nje ya Kenya, au mkinunua kwenye tovuti ya dola, mashine ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi au kwa pesa ya huko, chagua pesa ya huko. Ile ya shilingi mara nyingi hubeba bei mbaya ya kubadilisha, na inameza pointi zote za ununuzi huo na zaidi.

Hukuniambia zamu yako ya kupokea kwenye chama ni lini, ikiwa mna mchango wa kuzungushana pia. Kama mnao, zamu hiyo iende kwenye mkopo wa sacco yote, hata kabla hujaiona.

Vocha zichukue wiki hii. Desemba laini za huduma kwa wateja huwa na foleni, na vocha nyingine huchukua siku kadhaa kufika. Blenda ikishafika Makueni maembe yatakuwa bado yapo juu ya miti. Mwonyeshe mama namna ya kukata vipande vidogo na kutoa kokwa kwanza, na umwambie asiijaze hadi juu.